Propela, Mchele na Harusi ya Rahma

Jumapili, 27 Aprili

Basi hadi Seven Sisters, treni hadi Green Park, treni nyingine hadi Stanmore. Mfuko wa spana begani, mfuko wa maandazi mkononi. Kanti hali mayai, na Zuhura huwa hasahau kumfanyia yake mbali. Mimi mumewe nikisema sitaki chumvi nyingi, husahau.

Kanti ni Mhindi wa Mombasa. Amekaa Stanmore tangu ujana wake, ana gereji ya kuingia magari mawili, na gari lake dogo analilaza nje ili langu lilale ndani. Kwetu Tottenham hairuhusiwi kufungua injini uwanjani kwa watu. Bila Kanti gari lingekuwa chuma chakavu zamani.

Injini mpya imeshakaa mahali pake. Silinda nane, safi, inang'aa. Ile ya asili ilipasuka bloku majira ya baridi, maji yalipoganda ndani yake, na iliniuma kama mtu wa nyumbani kaugua. Leo tumefunga gia boksi iliyokuja na injini hii. Gia tano badala ya nne. Nilikuwa na furaha ya kitoto.

Halafu tukaingia chini kurudisha propela, furaha ikaishia hapo. Haiingii. Gia boksi hii ni ndefu kuliko ya mwanzo, inchi nne hivi, kwa hiyo propela imekuwa ndefu mno. Isitoshe, meno yaliyo ndani ya kichwa cha propela ni manene na machache, na meno ya gia boksi mpya ni membamba na mengi. Hayashikani hata kidogo.

Kanti kasema alijua itakuwa hivi. Kwa nini hakusema? Hakutaka kuniharibia siku. Rafiki gani huyu.

Jumatano, 30 Aprili

Siku nzima suruali. Watu wa London wote wamenenepa mwezi huu au suruali zote zimeingia maji. Nimefumua, nimeshona, nimefumua.

Mama wa bwana harusi wa binti yetu Rahma kapiga simu dukani. Mwanamke mwema, sina ugomvi naye. Kasema wao wako tayari kutuletea gari jeupe refu la kukodi, na dereva mwenye glavu. Nimemshukuru. Nimemwambia tuna gari. Kasema, "Lile la zamani? Linatembea?" Nimesema linatembea. Nimesema uongo, kwa sasa hivi.

Zuhura kaniuliza propela ni nini hasa, maana nimeitaja hadi ndotoni. Nimemwambia ni lile bomba refu la chuma linalopita chini ya gari katikati. Injini inazungusha gia boksi mbele, propela inauchukua mzunguko ule na kuupeleka nyuma kwenye magurudumu. Pasipo propela injini itanguruma mpaka kesho na gari halitasogea. Kasema basi ni kama mimi na yeye. Sikuuliza nani ni injini.

Jumamosi, 3 Mei

Kanti yuko Leicester kwa mjukuu wake. Kaniachia ufunguo. Kanisihi nimsubiri mpaka arudi ndipo tupime. Sikumsubiri. Duka la propela linapokea kazi Jumamosi mwisho saa sita mchana, na nikikosa leo, wiki imekwenda.

Nimeinua gari juu ya stendi nne chini ya chesisi, magurudumu yananing'inia, nimepata nafasi nzuri ya kulala chini. Nimepima kwa futi yangu ya dukani, ile laini ya kitambaa. Tepu ya chuma ya Kanti imekatika ncha na siiamini. Kwenye simu Kanti alisema niache nafasi ya inchi moja mbele, maana propela lazima iwe na pa kuingia na kutoka gari linapopanda na kushuka. Nimeacha inchi.

Kisha nikairudisha nusu inchi kwenye urefu. Ndivyo nilivyofundishwa kushona, na ndivyo ninavyofundisha. Kitambaa ukikikata kirefu utakipunguza. Ukikikata kifupi umeharibu mali ya watu. Siku zote acha kidogo kwenye pindo.

Mwenye duka ni Mpolandi mpole. Atatia kichwa kipya chenye meno ya gia boksi mpya, na krosi, kile kiungo cha kuipindisha propela, ya mchanganyiko, kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine, maana vichwa viwili havikuzaliwa pamoja. Halafu atakata bomba na kulichomelea upya. Kaniuliza kama nina hakika na kipimo. Nimemtazama. Nina duka la ushonaji, mtu ananiuliza kama najua kupima.

Jumatatu, 5 Mei

Sikukuu ya serikali. Rahma kaja kula. Yeye na mama yake wamekaa na orodha za wageni mpaka alasiri, nani akae mbali na nani. Nimeosha vyombo ili nisiulizwe.

Kanifuata jikoni. Kasema, "Baba, honestly, kama gari haliko ready, it's fine. We can use the white one." Moyo umenishuka. Nimemwambia litakuwa tayari. Kasema, "I just want you driving. That's all I've ever wanted for that day." Anachotaka ni mimi niendeshe, basi. Halafu kachukua kitambaa akaanza kukausha sahani nilizoosha vibaya.

Alikuwa akikaa kiti cha nyuma cha gari lile akienda skuli, miguu haifiki chini. Mikanda ilikuwa haimkai sawa, mpaka nilipompatia mto nilioushona mwenyewe. Nimemwahidi nitamtoa nyumbani kwetu kwa gari lile. Si gari jingine. Nisipoweza sitajisamehe.

Ijumaa, 9 Mei

Propela tayari. Nzuri. Rangi nyeusi mpya, mshono wa kuchomelea sawasawa kama wangu. Nimeibeba kwenye treni imefungwa shuka. Mtu mmoja kaniuliza kama ni ala ya muziki.

Jumamosi, 10 Mei

Linatembea!

Tumefunga asubuhi. Meno yameshikana, krosi zimekaa, bolti za difu kule nyuma kwenye ekseli zimeingia bila matusi. Ilinibidi niisukume kidogo propela ili ikae. Kanti alikuwa anatafuta sili ya kuzuia mafuta yasivuje, hakuona nilivyoisukuma. Nimeona ni ugeni wa chuma.

Nimeendesha peke yangu kuzunguka Stanmore. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna mtikisiko. Hakuna mlio. Watu wamesimama kutazama. Kanti kasimama mlangoni amevaa aproni ya mkewe, anapiga makofi. Nimempa mkono tukacheka kwa muda mrefu bila sababu ya kutosha.

Nimeliendesha mpaka nyumbani. Usingizi utakuwa mtamu.

Jumanne, 13 Mei

Tone la oili chini ya gari, usawa wa mkia wa gia boksi. Nimelifuta. Sili mpya huchukua siku kukaa, nimejiambia.

Zuhura bado hataki kupanda. Anasema atapanda siku ya harusi tu, kwa sababu siku ile hana hiari. Nimempitia mpango mara nyingine: yeye mbele na mimi. Nyuma, bibi harusi katikati, dada yangu Moza upande mmoja, na Bi Kazija upande wa pili. Bi Kazija ndiye somo wa Rahma, aliyemfunda, na bibi harusi hatoki nyumbani peke yake nyuma ya gari kama kifurushi. Lazima awe kati ya watu wake. Dada Moza kashasema kutoka Unguja kwamba hakubali gari lingine, na hakubali kiti kingine.

Wote wawili ni wanawake wa haja. Kiti kitatosha. Nimekipima.

Jumamosi, 17 Mei

Siku mbaya.

Zuhura kataka mchele wa pilau utoke duka lile lile la Tooting, la yule Mhindi wa Dar, na hakuna mchele mwingine duniani. Nimekwenda na gari. Njia nzima kimya, tamu. Nimepakia magunia manane ya kilo ishirini. Buti imejaa vitu vyangu vya kazi, kwa hiyo yote nimeyapanga kiti cha nyuma. Gari limekaa chini nyuma. Nimelipenda hivyo, limekuwa kama mtu aliyeshiba.

Tuta la kwanza nje ya duka: kishindo. Chini yangu, katikati, chuma kwa chuma. Nilidhani nimegonga kitu. Nimesimama, nimeangalia, hakuna. Tuta la pili: kishindo. Baada ya hapo hata barabara iliyonyooka gari linatetemeka, mtetemo unapanda kwenye usukani hadi menoni. Gia haikai vizuri. Madereva wananipigia honi.

Sikwenda nyumbani. Nimekwenda moja kwa moja Stanmore, polepole kabisa, taa za hatari zinawaka, jasho linanitoka. London nzima imenipita. Kanti kafungua mlango, kanisikia kabla hajaniona. Tumeliacha gari ndani na mchele wake.

Nimerudi kwa treni. Zuhura kauliza mchele uko wapi. Nimesema uko salama. Sijamwambia mengine. Wiki moja imebaki na nina gari linalogonga.

Jumapili, 18 Mei

Nimejua. Ni mimi.

Tumefungua propela. Ncha ya kichwa chake, ile inayoingia ndani ya gia boksi, imepigwa ikang'aa kama sarafu. Propela imekuwa ikifika mwisho na kuisukuma gia boksi kutoka nyuma. Haina pa kwenda. Sili imesukumwa, ndiyo maana ya oili.

Kanti kaniuliza, "Bwana Salim, ulipima gari likiwa chini au likiwa linaning'inia?"

Nimesema linaning'inia.

"Ukaacha inchi?"

Nimesema niliacha inchi. Halafu nikaongeza nusu. Kaniuliza niliongeza ya nini. Nikamwambia: ya pindo.

Kanti kakaa juu ya jeki, kavua miwani, kaifuta, kairudisha. Hakucheka. Ningependa angecheka. Kanieleza taratibu. Magurudumu yakining'inia, ekseli ya nyuma inakwenda chini na mbali, kipimo kinatoka kirefu. Gari likitua, ekseli inapanda na nafasi inapungua. Likipakia watu, inapungua tena. Mimi nimeanza na kipimo kirefu, nikakiongezea. Peke yangu kulikuwa na nafasi ya unywele, kwa hiyo kimya. Kilo mia na sitini nyuma, nafasi kwisha.

Nikatazama magunia. Nikamwona Dada Moza na Bi Kazija. Na Rahma katikati yao, na shela lake, kwenye barabara kuu ya North Circular, magari yanakimbia pande zote. Gia boksi ingeweza kupasuka. Propela ingeweza kuchomoka. Nimetoka nje nikashika ukuta. Siku nane nimeendesha gari huku nikijisifu.

Kama Zuhura angekubali mchele wa jirani, nisingejua mpaka siku ya harusi.

Alasiri tumepima upya. Safari hii gari liko juu ya magurudumu yake, tumelipandisha kwenye vibao vya mwinuko ili Kanti aingie chini. Kanti kapanga mchele mwenyewe kwenye kiti cha nyuma. Manne kushoto, kasema huyu ni Dada Moza. Manne kulia, huyu somo. Kanitazama. "Bibi harusi nani?" Nimeingia mimi, nimekaa katikati, magunia yananibana huku na huku, Kanti yuko chini na tepu yake ya chuma iliyokatika ncha, anapaza sauti namba. Mkewe kaja na chai, kaniona, karudi ndani na chai yake.

Propela ikatwe inchi nzima.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefunga duka la nguo asubuhi, nimempelekea Mpolandi. Katazama ile ncha iliyopondeka, kanitazama mimi, akachukua chaki akaweka alama ya pa kukata. Namheshimu sana kwa hilo. Alhamisi, kasema.

Tumemwaga oili ya gia boksi kwenye beseni tuone kama kuna vipande vya chuma. Kanti kaipitisha kwenye soksi kuukuu ya nailoni ya mkewe, kwa ruhusa yake. Tone kwa tone. Hakuna kitu. Safi. Nimemkumbatia Kanti na mikono yake ya oili, shati langu limekwisha, sijali. Gia boksi nzima. Alhamdulillahi.

Sasa kusubiri.

Jumanne, 20 Mei

Dada Moza kafika. Heathrow, masanduku matano, moja la karafuu, udi na vikorokoro visivyo na jina. Kakaa kwenye treni kama iko kwa ajili yake.

Zuhura kamsimulia mambo yote. Ilinibidi nimweleze Zuhura jana, maana mchele haujafika na mpishi anapiga simu. Sasa Dada anataka kujua kitu kimoja tu: "Mimi ni magunia mangapi?"

Nimesema sikumbuki. Zuhura kasema manne. Dada Moza kanywa chai, halafu: "Na Kazija?" Manne. Kasema, "Mwongo. Kazija matano."

Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Alhamisi, 22 Mei

Haiko tayari. Mashine ya kusawazishia propela imeharibika, fundi wake anakuja kesho asubuhi. Propela isiyosawazishwa itatetemesha gari lote, hawezi kunipa hivyo. Yuko sahihi. Namchukia kwa kuwa sahihi.

Saa sita kesho, anadhani. Anadhani!

Nimempigia Rahma. Nimeona bora ajue. Nimemwambia kila kitu, hata pindo. Upande wa pili nikasikia kwikwi. Nikajua analia, au anacheka. Alikuwa anacheka. Kasema, "Baba, you hemmed a car," yaani nimelitia gari pindo. Kisha sauti ikabadilika. Kaniuliza kama kuna hatari. Nimemwambia nikiona hata shaka ndogo tutapanda gari jeupe, na mimi nitaendesha gari jeupe, na dereva na glavu zake atakaa nyumbani ale pilau. Kasema OK. Kasema, "I trust you."

Maneno hayo yamenikalia kifuani mpaka sasa. Nimempigia mama wa bwana harusi, nimemwomba asiliachie gari lile bado. Kasema hakuwahi kuliachia. Sikuona vibaya. Nimeona vibaya kidogo.

Ijumaa, 23 Mei

Saa tano na nusu Mpolandi kapiga simu. Njoo.

Kanti alikuwa ananisubiri nje na gari lake dogo linawaka. Tumechukua. Tumerudi Stanmore. Nimeswali Ijumaa nina oili chini ya kucha, Mungu anajua sababu. Kisha kufunga. Safari hii propela imeingia yenyewe, bila kusukumwa, na nikaishika kichwa nikaona inacheza mbele na nyuma kama inavyotakiwa. Sili mpya. Oili mpya. Kanti kapaka rangi nyeupe kidogo kwenye kile kichwa kinachong'aa, karibu na sili. Kasema gari likishatembea na watu, rangi itafutika mpaka pale propela inapoishia kuingia. Hapo tutaona kwa macho nafasi iliyobaki. Siyo kwa masikio, siyo kwa matumaini.

Lakini mchele Kanti kashaupeleka kwa mpishi kwa gari lake, watu wenyewe wako Tottenham, na leo ni siku ya hina.

Nimefika nyumbani alasiri, nyumba imejaa wanawake, ngoma ndogo, udi hadi ngazini. Nimebisha mlangoni kama mgeni. Nimeomba niazimwe mashangazi. Kelele ikakatika. Dada Moza katokea, mikono yote miwili ina hina mbichi, kainyanyua juu. Bi Kazija nyuma yake, hivyo hivyo. Zuhura kakaa katikati badala ya Rahma. Rahma hakuruhusiwa kutoka, kachungulia dirishani amejifunika kanga. Kanti mbele na mimi.

Kuwaingiza nyuma ya gari la milango miwili bila wao kushika chochote ni kazi ambayo sitaisimulia.

Tumekwenda. Matuta yote ya mtaa, moja baada ya jingine, nimeyatafuta kwa makusudi. Kila tuta Dada Moza anasema, "Hina yangu!" Hakuna kishindo. Nimerudia. Tumepanda barabara kubwa, gia ya tano. Kimya. Nilitaka kufurahi lakini nilijizuia, nimeshafurahi mapema mara moja.

Tumerudi uwanjani. Nimewaomba wasishuke, nahitaji uzito. Nimelala chini juu ya boksi la karatasi, kanzu na yote, Kanti kanishikia tochi. Juu yangu nasikia Dada Moza: "Salim, tushuke au tuzikwe humu?" Jirani wa ghorofa ya kwanza kafungua dirisha kuuliza kama tumepata ajali.

Rangi imefutika sehemu, na sehemu imebaki. Iliyobaki ina upana wa kidole gumba kizima. Nafasi ipo. Watu wote ndani, baada ya matuta yote, na nafasi ipo.

Nimekaa pale chini kidogo. Nikasema ipo, Kanti akasema kwa sauti ipo, Zuhura ndani akauliza ipo nini, na Bi Kazija akapiga kigelegele bila kusubiri jibu. Dirishani wakaitikia.

Nimepumua. Wiki nzima sikuwa nimepumua hivi.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeamka kabla ya alfajiri. Nimefuta vioo. Nimetazama chini: hakuna tone. Zaidi sina la kuandika, naenda kuswali.

Jumapili, 25 Mei

Nimemfikisha.

Niandike kabla sijasahau. Rahma kateremka ngazi, lifti ya jengo mbovu kama kawaida, mashangazi wakishika nguo. Jirani zetu wa kanisani wa ghorofa ya tatu wametoka wote kwenye korido wakaimba wimbo wao, na wetu wakaimba wao, nyimbo zikaingiliana, hakuna aliyejali. Kaingia kiti cha nyuma. Dada Moza akaingia. Bi Kazija akaingia. Gari likakaa chini. Nikalisikia linakaa, na sikuogopa.

North Circular njia yote. Nilikuwa nimepanga niendeshe masikio wazi, nisikilize mkia wa gia boksi. Haikuwezekana. Nyuma waliimba tangu Tottenham hadi Stanmore, Zuhura mbele kaitikia, ngoma yao wakapiga kwenye mgongo wa kiti changu. Nilitaka kuwaambia wanyamaze nisikie. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona Rahma kati yao, amebanwa, hawezi kusogeza mkono, anacheka kinywa wazi, hana hofu hata kidogo. Nikaacha kusikiliza.

Ukumbini dereva wa gari jeupe alikuwapo, alikuja hata hivyo. Kavua glavu akaomba kuona injini. Nimemfungulia. Mama wa bwana harusi kanambia gari ni zuri kuliko alivyofikiri. Nimelipokea neno hilo lote, sikumwachia hata kipande.

Pilau imekwisha, hata ukoko. Kanti kala wali na mboga sahani tatu. Rahma aliposhuka kanishika uso kwa mikono yake ya hina. Halafu wakamchukua.

Nimelala mpaka saa nne asubuhi. Sijawahi.

Jumatano, 28 Mei

Mvua. Dukani watu wachache, zipu mbili, mikono ya koti moja. Dada Moza kaenda na Zuhura sokoni.

Nimefunga mapema. Nimechukua gari kwenda kununua maziwa, safari fupi tu. Nimezima redio nisikilize. Hakuna kishindo, hakuna mtikisiko, gia zinaingia laini. Kazi nzuri. Hakuna tena cha kutengeneza.

Nimeegesha. Nikatazama kwenye kioo kama nilivyozoea kabla ya kushuka. Kiti cha nyuma kitupu, kipana, na bado kimebonyea pale katikati.

Nimekaa kidogo nikalia. Si huzuni, au si huzuni tupu. Kisha nikafuta uso, nikaingia dukani, nikanunua maziwa.